Sparaji za Mjomba Lali

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeifundisha mbegu njia ya kutoka mchangani, na akamfundisha mja njia ya kurudi kwake anapokosea. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Namshukuru Mola wangu kwa umri alionipa, kwa macho ambayo mchana bado yanasoma msahafu bila miwani, na kwa kumbukumbu, ambazo zilivuka kila mpaka pamoja nami na hakuna askari aliyeziuliza kibali. Baada ya hayo, nasimulia.

Enzi zetu, wenzangu mliozaliwa visiwani Chovai, Ngumi na Darakasi, na Kismayo mjini, mboga ya majani ilitajwa kwa heshima. Samaki tulikuwa nao mpaka paka wakawa wanachagua. Nazi zilikuwapo. Lakini maji ya visima vyetu yalikuwa na chumvichumvi, hata chai tuliijaza sukari ili ladha ya kisima isijitokeze mbele ya wageni. Mchicha ukipandwa uliungua ncha kabla haujafika kifundo cha mguu. Mboga ilikuja kwa boti kutoka Kismayo, na ilipofika ilikuwa imelala kama msafiri aliyetapika njia nzima. Mama aliizindua kwa maji, akaigawa, na kila mtoto akapata kijiko kimoja juu ya wali.

Wala hatukujiona maskini. Asubuhi tuliamshwa na harufu ya mkate wa mofa na moshi wa makumbi ya nazi. Tulikwenda chuoni na mbao zetu kichwani, tumeziandika kwa wino wa masizi, na anayetokwa jasho alirudi na nusu ya sura kwenye paji la uso. Maalim Athmani alisikiliza watoto ishirini wakisoma mahali ishirini tofauti, na mmoja akikosea irabu alimtambua bila kuinua kichwa. Baada ya alasiri tulicheza mdako kwa kauri tulizookota wenyewe, na kidalipo mpaka miguu ikawaka. Siku hizi mjukuu wangu akitaka kucheza, kwanza hutafuta chaja.

Sasa nije kwa Mjomba Lali. Alikuwa kaka wa pekee wa mama. Wazazi wao walifariki mama akiwa bado kigori, na Mjomba ndiye aliyemlea, akamwoza, akabaki yeye bila mke. Kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa Mtaliani mmoja pale Kismayo, bwana mpole mwenye nyumba nyeupe na bustani nyuma yake. Mjomba alijua kupika basta, zile tambi ndefu za Kitaliani, kwa namna kumi, na alizisimulia kwa mikono yote miwili.

Mtaliani yule alipoamua kurudi kwao, aliwaambia wafanyakazi kila mmoja achague kitu cha kumkumbuka. Dobi akachukua kioo kirefu. Mlinzi akachukua kiti cha kubembea. Mjomba Lali akaenda bustanini na jembe, akachimbua mashina kumi na moja ya mboga iitwayo asparaga, ambayo sisi tuliiita sparaji kwa kuwafuata Wataliani, akayafunga kwenye gunia bichi, akapanda boti, akaja Chovai.

Watu walikusanyika kuona kilichotoka nyumba ya Mzungu. Mjomba akafungua gunia, akatoa shina moja. Kichwa kidogo kikavu, na chini yake mizizi mirefu minene inaning'inia kila upande. Mzee mmoja mvuvi akasema kwa sauti ya kumhurumia, "Lali, mwanangu, umetoka Kismayo kutuletea pweza mkavu?"

Kisiwa kizima kilicheka siku tatu. Kuanzia hapo watoto wakimwona walimuuliza pweza wake hajambo. Naye aliwajibu kwa utulivu kwamba pweza anawasalimu.

Akatengeneza tuta nyuma ya nyumba yetu, kwenye mchanga mtupu, akatia mwani uliooza na matumbo ya samaki. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na ni mimi peke yangu niliyekubali kumshikia ile mizizi aitandaze kama miguu ya kaa pande zote, maana wenzangu walisema inanuka. Majirani walisema maji ya kisima yataiua. Ajabu yake, chumvi ile iliua magugu, na sparaji ikaona raha. Vikatoka vijiti vyembamba kama sindano ya kufumia, vikarefuka, vikafumuka majani laini mno, membamba kama nywele za mtoto mchanga, yanayotikisika hata upepo usipokuwapo. Kisiwani kwetu, ambako kila jani lilikuwa gumu au lenye mwiba, hatukuwahi kuona kijani cha namna ile.

Majirani wakauliza inaliwa lini. Mjomba akasema chipukizi ndilo linaloliwa, likiwa nene, na kwamba haikatwi mpaka itimize miaka mitatu. Wakazidi kucheka. Mtama huliwa baada ya miezi, na huyu amepanda kitu cha kutazama miaka mitatu.

Lakini kwa mama halikuwa jambo la kucheka. Wenzake Mjomba waliokuwa wapishi Kismayo walikuwa wamehamia Uarabuni, na walimwita kila mara. Mtu akienda Uarabuni siku zile alioa huko, akazikwa huko. Siku moja nikiwa nachambua mchele nilimsikia Mjomba akimwambia mama kwamba atachukua kazi ya kupika melini miaka miwili na ushei, maana ni lazima aishi kwa kitu. Sparaji ikishika, akirudi hatatoka tena. Atakaa Chovai alime, apeleke mboga kwa Wataliani waliobaki Kismayo, ambao walikuwa wakiililia. Isiposhika, atawafuata wenzake. Mama aliendelea kukoroga chungu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa.

Siku ya kuondoka Mjomba aliniita kwenye tuta. Aliniambia, "Mwanaisha, wewe hukucheka. Hii ni amana yako. Imwagilie, usikate kitu mpaka nirudi." Nikasema inshallah, nikajiona mrefu kuliko mnazi.

Na kweli niliitunza. Ndoo moja asubuhi baada ya chuo, ndoo moja kabla ya magharibi, na maji ya kuoshea samaki juu yake. Niliwafukuza kuku. Niliwapiga mawe mbuzi. Mwaka ukapita, na wa pili, na majani yakasimama hadi kifuani kwangu, tuta zima kama moshi wa kijani. Chipukizi zilikuwa bado nyembamba, na mama alikuja kuzitazama kila Ijumaa baada ya sala, akiomba bila sauti.

Ikafika Maulidi. Wale wa zama zangu mnakumbuka Maulidi yetu. Ua wa msikiti uligawanywa, mtaa wa pwani upande huu na mtaa wa kondeni upande ule, na wasichana wa kila mtaa walipamba upande wao. Hakukuwa na mshindi wa kutangazwa, ila mwaka mzima uliofuata kila mtu alimjua mshindi. Sisi wa kondeni tulikuwa na makuti na kanga za mama zetu. Wa pwani walikuwa na Zena, ambaye baba yake alikuwa na duka, na mwaka ule alimletea karatasi za rangi kutoka Kismayo, nyekundu na za dhahabu. Zena alikuja upande wetu, akatazama juu, akatazama chini. "Makuti tena," akasema. "Nyinyi mnapamba Maulidi au mnaezeka banda la kuku?"

Wenzangu wakanitazama. Nilikuwa mkubwa wao. Nisijitetee hapa, ndugu msomaji, maana nimeshafika umri wa kujua kwamba kosa likielezwa sana huanza kufanana na haki. Nilijua nimekatazwa. Nilikwenda nyumbani, nikachukua kisu cha mama cha samaki, nikakata majani yote ya sparaji, shina kwa shina, mpaka mchangani. Nilijiambia yatakua tena kama nywele.

Ua wetu ulipendeza sijaona mfano. Tulifunga yale majani kwenye kila nguzo, tukachomeka asumini katikati, yakawa kama mawingu ya kijani yenye nyota. Wazee waliyagusa kwa ncha ya kidole. Zena alipita mara mbili bila kusema neno, na kwangu hilo lilitosha kuwa taji.

Asubuhi yake nilikwenda na ndoo. Tuta lilikuwa na upara. Vijigutu kumi na moja, na mchanga. Nikasikia nyuma yangu mama amesimama. Hakunipiga, na laiti angenipiga. Alikaa chini palepale, kwenye mchanga wenye maji ya samaki, na kanga yake safi. Akasema polepole, "Kakangu atarudi akute nini?"

Siku ya tatu boti ya Kismayo ilileta barua. Maalim Athmani akatusomea. Mjomba ameteremka Mombasa salama, anakuja, huenda ndani ya wiki mbili, na anauliza hali ya sparaji kabla hajauliza hali zetu.

Mama alikaa siku nzima na barua ile mapajani. Jioni aliniita, na macho yake hayakuwa juu yangu. Alisema tutamwambia Mjomba ni mbuzi. Mbuzi hawaulizwi. Akisikia ni mbuzi huenda akapanda upya, hatavunjika moyo na watu wake. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mwongo. Alikuwa dada wa mtu mmoja tu duniani.

Nilikwenda kwa Maalim. Nilimuuliza kama swali la dini tu, kwamba mtoto fulani akiharibu amana, kafara yake ni nini. Maalim hakuuliza ni mtoto gani; alikuwa ameyaona majani kwenye nguzo kama watu wote. Alisema, "Mtoto huyo amwambie mwenyewe kabla hajaulizwa. Na mpaka mwenyewe afike, amana haijaisha. Aendelee kuitunza."

Basi nikaendelea kumwagilia vijigutu. Ndoo asubuhi, ndoo jioni. Wasichana wa pwani walipita wakaniuliza kama ninamwogesha maiti. Mwagilia mchanga mtupu siku kumi, mbele ya watu wanaokucheka, utajua subira si neno la kwenye kitabu. Siku ya kumi na moja niliona mchanga umetutumka hapa na pale, nikadhani ni kaa wamechimba, nikausawazisha kwa kiganja ili tuta liwe nadhifu mwenyewe akija.

Kesho yake baada ya adhuhuri wakasema boti imeingia. Nilikimbia nikaingia majini mpaka magotini. Mjomba alikuwa amenenepa kidogo, na kofia mpya. Hata hajashusha sanduku lake, nilimshika mkono nikaubusu, nikasema yote kwa pumzi moja: nimekata mimi, kwa kisu cha mama, kwa ajili ya Maulidi, kwa sababu ya Zena, na si mbuzi.

Alinitazama. Nadhani neno mbuzi lilimtatiza. Kisha uso wake ukafunga kama duka. Alimwachia mtu sanduku, akashika njia ya nyumbani, nami nyuma yake, na watoto nyuma yangu, maana watoto wa Chovai walinusa balaa kama papa anavyonusa damu. Mama alikuwa mlangoni. Mjomba alipita akimgusa bega tu, akaenda nyuma.

Nilipofika alikuwa amepiga magoti. Mchanga umepasuka kila mahali. Na katika kila ufa kulikuwa na chipukizi limesimama, nene kama kidole, la kijani lenye zambarau kichwani, limenyooka peke yake kama kidole cha shahada mtu anapokaa katika tahiyatu. Nilihesabu mpaka ishirini na sita, kisha machozi yakanizuia. Machipukizi yale hayakuwapo asubuhi. Yale ndiyo niliyoyadhania kaa.

Mjomba alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa. Akasema kule Kismayo mtunza bustani, mzee mmoja wa Jamaame, kila mwaka alikuja na mundu akayafyeka majani yote, na yeye Mjomba akimtazama kupitia dirisha la jikoni alimdhania mvivu anayetaka kupunguza kazi. Mzee yule alikuwa amesharudi kwao kabla ya siku ya kugawana vitu, hakukuwa na wa kuuliza. "Kumbe ndivyo inavyoamshwa," akasema. "Miaka yote nimeipika, sikujua inavyolimwa."

Mama akatoka, akasimama juu yetu, na yeye akaungama. Akasema ni yeye aliyetaka tuseme mbuzi. Mjomba akajipangusa macho. "Mbuzi gani? Kisiwa hiki kina mbuzi wanne, nawajua kwa majina." Kisha akanigeukia, na safari hii hakucheka. "Ungeniambia mbuzi, ningeamini, ningeondoka. Sasa tuta hili ni letu wawili. Mtu wa kulima naye nimempata."

Mama alifunika uso kwa kanga. Nilimwona akitetemeka mabega, na sikujua kama analia au anacheka, na huenda yeye pia hakujua.

Jioni ile Mjomba alipika mwenyewe. Alichemsha maji, akatia chipukizi zikiwa zimesimama wima, vichwa nje, akahesabu kwa kusoma Qul huwa Allahu mara kadhaa, akaziopoa zikiwa bado za kijani. Akatia samli na ndimu, akazilaza kando ya changu wa kuchoma. Waliokula walikuwa kumi na wawili, akiwamo mzee aliyesema pweza. Zilikuwa laini kichwani na zenye kukatika kidogo chini, na ladha yake ilikuwa kama kunde mbichi, kama mahindi machanga, kama mvua. Mzee wa pweza alikula nne, akanyonya vidole, akasema pweza wa Kitaliani hana mifupa.

Jambo moja Mjomba alisahau kutuambia, na waliokula sparaji wameshatabasamu. Alfajiri, mmoja baada ya mwingine, wanaume wa mtaa wetu walitoka chooni na nyuso za wasiwasi. Kila mmoja alinusa harufu ngeni kwenye haja yake ndogo, na kila mmoja akadhani ameshikwa na maradhi peke yake. Walikwenda kwa Maalim kwa zamu, wakinong'ona. Wa kwanza aliambiwa anywe maji mengi. Wa tatu alipokuja, Maalim, ambaye na yeye alikuwa amekula na alikuwa na wasiwasi wake mwenyewe, alituma aitwe Mjomba Lali. Mjomba akaeleza kwamba ndivyo mboga ile ilivyo, inaondoka kwa kuaga. Maalim akatangaza baada ya sala kwamba tahara ni ileile, udhu ni uleule, na ndugu wasitishike. Mzee wa pweza alikuwa ameshaandika wasia.

Mjomba Lali hakutoka tena. Tuta lile likawa matuta manne, kisha tisa. Kila mwaka baada ya Maulidi tulifyeka majani, nayo yalikwenda kwanza kwenye nguzo za msikiti, pande zote mbili, na Zena akawa anakuja kuchagua yake, akawa rafiki yangu mpaka leo. Sparaji zilikwenda Kismayo zimefungwa ndani ya magunia bichi. Mjomba alioa mjane wa Ngumi, akapata watoto wawili. Na ulipofika mwaka ule wa tisini na moja, vita vilipotufikia, tulipoondoka sote kwa haraka tukiacha milango wazi, mama yangu alipanda boti akiwa mzee, na aliyemshika mkono kumpandisha alikuwa kaka yake. Walikaa kambi ya wakimbizi mlango kwa mlango. Walizikwa mwaka mmoja, safu moja. Kila nikikumbuka hilo hupunguza malalamiko yangu.

Leo niko Uholanzi kwa binti yangu. Nchi hii wanaipenda sparaji kupita kiasi, ila wao huzifukia mchangani zisione jua, zitoke nyeupe, kisha wenyewe hufunga mizigo wakaenda mbali kulitafuta jua hilohilo. Wajukuu wangu huzila madukani na mikahawani, huzipiga picha kwanza, na zikipoa hunilaumu mimi kwa dua ndefu. Niliwapa mbegu za maharage wapande dirishani. Siku ya tatu mdogo wao aliifukua ya kwake kuona kama inafanya kazi. Nikimwambia nilimwagilia tuta miaka miwili na ushei bila kuonja, huniuliza kwa nini sikununua.

Watoto wazuri, wana heshima, wanasoma, na wanajua mambo mengi niliyoyajua mimi nikiwa na nywele nyeupe. Lakini nawaonea huruma kidogo. Kila kitu hupewa tayari, na hakuna anayewapa kitu cha kutunza. Sisi tulikunywa chai ya chumvi, na mtu mzima akainama akamwambia msichana wa miaka tisa: hii ni amana yako. Ningekuwa na uwezo wa kuwarudishia kitu kimoja kutoka kule, nisingechagua bahari wala nazi. Ningechagua maneno yale, na mtu wa kuwaambia.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie unaowapenda wawe karibu nawe, akupe ulimi wa kusema kweli kabla hujaulizwa, na akuonyeshe kwa macho yako matunda ya subira yako. Na wale wetu waliolala mchangani, Chovai na kila ardhi waliyofikishwa, awape raha na nuru, na atukutanishe nao panapo mema. Amina.